Tomcat 9 kwenda Tomcat 10: kurasa zafunguka, kila sevleti yajibu 404 (mfumo wa wavuvi, Lamu)

bint_langoni

Asalaam alaykum wadau. Niko Amu mjini, natunza mfumo wa kikundi kimoja cha wavuvi, ni programu ya Java ya kuandikia samaki wanaoteremshwa, mpimaji akishapima kwenye mizani aandika kwa simu jina la chombo, aina ya samaki, kilo na bei, na kama ni kamba mawe apiga na picha manake hapo ndo penye pesa na ndo penye ubishi. Aliyeitengeneza ashahama, ametuachia kodi yote na WAR moja, yaani programu nzima imefungwa ndani ya faili moja.

Mpaka sasa ilikuwa ikikaa kwenye kompyuta ya ofisini na Tomcat 9, ile seva ya kuendeshea programu za Java za wavuti. Stima ikipotea yote yalala, wapimaji warudi kwenye daftari, halafu mtu akae usiku kuingiza daftari ndani ya mfumo. Kwa hivyo tumekodi seva ya nje, Debian 12, RAM 1GB. Nimeweka tomcat10 kwa apt kwa sababu kwenye Debian 12 seva ya tomcat9 haimo tena, nikatia WAR ndani ya /var/lib/tomcat10/webapps, ikafunguka yenyewe.

Ukurasa wa kwanza waja vizuri, rangi ziko, picha ziko. Nikibonyeza kuingia, 404, yaani ukurasa haupatikani. Ripoti, 404. Orodha ya vyombo, 404. Na kwenye logi hakuna kosa hata moja, yasema tu imediploi na imemaliza kwa sekunde kadhaa. WAR hiyo hiyo nikiirudisha kwenye kompyuta ya ofisi na Tomcat 9 yafanya kazi kama kawaida. Kusi laelekea kuisha na kaskazi likishika vyombo vyashusha usiku na mchana, nataka iwe imesimama kabla ya hapo. Nianzie wapi?

jahazi404

Cheki poti dada, Tomcat yasikiliza 8080, labda firewall imefunga

maalim_seva

Si poti yakhe, ukurasa wa kwanza waonekana, kwa hivyo poti iko wazi. Dada bint_langoni, WAR yako haina ubaya wowote, imehamishwa nyumba tu na nyumba mpya haijui jina lake.

Ngoja nieleze kidogo manake ukishaelewa hili hutababaika tena. Mwaka 2017 Oracle walitangaza kuikabidhi Java EE, ile sehemu ya Java ya programu za seva, kwa Eclipse Foundation. Walikabidhi kazi lakini jina hawakulitoa, Eclipse wasingeweza kuendelea kubadilisha vitu vilivyo chini ya jina la javax. Ndo ikazaliwa Jakarta EE, na ilipofika Jakarta EE 9 mwaka 2020 pakiti zote za upande huo zikabadilishwa jina: javax.servlet ikawa jakarta.servlet. Tomcat 9 ndo ya mwisho kuzungumza javax.servlet. Tomcat 10 kwenda mbele yajua jakarta peke yake.

Sasa mbona hakuna kosa kwenye logi? Nadhani sevleti zako, zile klasi za Java zinazojibu maombi ya braoza, zimeandikishwa kwa alama ya @WebServlet juu ya klasi, hazimo kwenye web.xml, faili ya mipangilio ya programu. Tomcat 10 yapitia klasi zote ikitafuta alama ya jakarta, yakuta alama ya javax ambayo kwake ni kitu kigeni, yaipita kimya kimya. Haikosei, haioni tu. HTML na CSS hazina habari na javax ndo maana zaonekana. Kama zingekuwa zimeandikwa kwenye web.xml ungepata kelele nyingi za ClassNotFoundException na ungelijua tatizo siku ile ile. Fungua faili moja ya sevleti utazame juu kwenye import.

bint_langoni

Wallahi maalim ni hivyo hivyo. import javax.servlet.annotation.WebServlet, kila faili.

jahazi404

Basi rahisi, fanya tafuta-na-badilisha, javax yote iwe jakarta, jenga WAR upya, kwisha maneno

maalim_seva

Hapana, usifanye "yote". Hili nalisisitiza kwa sababu limewakwamisha watu wengi sana. Zilizohama ni zile za Java EE tu. javax.servlet imehama, javax.persistence imehama, javax.mail imehama. Lakini javax.sql na javax.naming ni za Java yenyewe, ziko ndani ya JDK na hazijaguswa. Ukizigeuza kodi haijengeki, na mtu ambaye hajui sababu atakaa wiki nzima akitafuta laibrari ya jakarta.sql ambayo haipo duniani.

Una njia tatu dada.

Ya haraka: Apache wana kifaa chao cha kuhamisha, chaitwa jakartaee-migration, ni jar moja. Wakipa WAR ya zamani na jina la WAR mpya:

java -jar jakartaee-migration-*.jar samaki-zamani.war samaki.war

Chapitia klasi na jar zote za ndani na kubadilisha kinachotakiwa tu. Huhitaji hata kuwa na kodi. Ukipakua Tomcat 10 kutoka kwa Apache wenyewe waweza pia kutengeneza folda ya webapps-javaee pembeni ya webapps, ukitupa WAR ya zamani mle yageuzwa na kuwekwa webapps, ni kazi ile ile.

Ya kudumu: wewe unayo kodi, basi badilisha import za javax.servlet, na kwenye Maven, kifaa cha kujengea kodi, utumie jakarta.servlet-api kwa scope ya provided, ijengeke nayo lakini isiingie kwenye WAR, seva ishakuwa nayo yake.

Ya tatu ni kuipakua Tomcat 9 kwa mkono na kubaki nayo. Si dhambi, lakini ushahama seva, hama mara moja.

Anza na ya kwanza leo wavuvi wapate kitu, ya pili uifanye ukitulia.

bint_langoni

Imekubali!! Allah akujaze kheri maalim. Nimeingia, nimeona vyombo vyote, nimeandika kilo kumi za changu za uongo na kuzifuta. Ntageuza kodi polepole.

Lakini sasa nimeona mambo mengine na naomba niyaulize hapa hapa. Kwanza, samaki walioteremshwa usiku wa manane waandikwa tarehe ya jana. Mtu ashusha saa nane usiku wa Jumanne, mfumo wasema Jumatatu. Hili kwetu ni zito, malipo yaenda kwa siku na bei yabadilika kwa siku, mvuvi akiambiwa kilo zake ni za jana huo ni ugomvi. Pili, kuna ugonjwa wa zamani ambao tulikuwa nao hata ofisini: asubuhi mtu wa kwanza kuingia apata kosa la databesi, mpaka niristati Tomcat. Na ajabu, kaskazi haitokei, yatokea kusi tu. Wazee washaanza kusema ni kompyuta yachoka na upepo.

malindi_kodi

Hiyo ya kusi imenifurahisha sana, mimi niko Malindi na jibu naona liko kwenye maneno yako mwenyewe. Kusi bahari chafu, vyombo havitoki, hakuna anayeandika kitu tangu jioni mpaka asubuhi sivyo? Kaskazi kila saa kuna anayeshusha. Sasa MySQL na MariaDB zina kitu kinaitwa wait_timeout, kwa kawaida ni sekunde 28800 yaani saa nane kamili, muunganisho ukikaa kimya muda huo databesi yaukata. Tazama kama kodi yafungua muunganisho mmoja programu inapoanza na kuutumia huo huo daima. Kama ni hivyo, ukipita usiku bila mtu, asubuhi programu yashika kamba iliyokatika.

bint_langoni

Ni huo huo. Kuna klasi moja yaitwa Db, ina static Connection, yafungua kwa DriverManager na paswadi imeandikwa mle mle ndani ya kodi. Kwa hivyo nipandishe wait_timeout iwe wiki?

malindi_kodi

Usiguse wait_timeout, hiyo ni kusogeza tatizo mbele. Na muunganisho mmoja kwa watu wote ni hatari nyingine kubwa zaidi, Tomcat kwa kawaida ina nyuzi 200 za kuhudumia watu, wapimaji wawili wakiandika kwa pamoja wanagombania muunganisho ule ule, wa huyu akifanya commit amalizia na nusu ya kazi ya yule. Iachie Tomcat ikutunzie bwawa la miunganisho, kila kazi iazime mmoja na kuurudisha. Mimi naandika faili ya konteksti, yaani mipangilio ya programu moja kwa Tomcat, nje ya WAR kabisa, kwa Debian ni /etc/tomcat10/Catalina/localhost/samaki.xml:

<Context docBase="/srv/samaki/samaki.war">
  <Resource name="jdbc/samaki" auth="Container"
    type="javax.sql.DataSource"
    driverClassName="org.mariadb.jdbc.Driver"
    url="jdbc:mariadb://localhost/samaki"
    username="samaki" password="weka-yako"
    maxTotal="20" maxIdle="5" maxWaitMillis="10000"/>
</Context>

Waona javax.sql imebaki javax, maalim ashaeleza. Jina la faili ndo anwani, samaki.xml yawa /samaki, ukitaka iwe mzizi wa tovuti iite ROOT.xml kwa herufi kubwa. Na WAR yenyewe iweke /srv, itoe webapps, ukiiacha na mle na faili ya konteksti ina jina jengine, kama hiyo ROOT.xml, programu yafunguka mara mbili na utashangaa kazi zafanyika mara mbili mbili. Jar ya draiva ya MariaDB iweke kwenye lib ya Tomcat, WEB-INF/lib siyo mahali pake, kwa sababu sasa anayefungua miunganisho ni Tomcat.

Kwenye kodi unachukua kwa InitialContext, lookup("java:comp/env/jdbc/samaki"), wapata DataSource. Kila kazi ichukue muunganisho wake na uurudishe, tumia try yenye mabano ujifunge wenyewe. Hapo kuwa mkali sana, ukisahau kurudisha, ishirini zikiisha kila mtu atasubiri sekunde kumi kisha apate kosa. Bwawa hili la Tomcat, la DBCP2, kwa kawaida laupima muunganisho kabla ya kukupa, ulokufa latupa na kufungua mwingine, ugonjwa wako wa kusi umekwisha hapo.

maalim_seva

Naunga mkono kila neno, na faida ya pili naiona kubwa kuliko ya kwanza: paswadi imetoka ndani ya WAR. Dada, sasa WAR moja ile ile waweza kuijaribu kwenye kompyuta ya ofisi na kuipeleka kwenye seva bila kubadilisha herufi, kila mashine ina samaki.xml yake na databesi yake. Siku ukiondoka, atakayekuja hatahitaji kujenga kodi upya kwa ajili ya kubadilisha paswadi. Wewe mwenyewe umeachiwa mfumo na mtu asiyepatikana, wajua uchungu wake. Mipangilio ya mashine ikae kwenye mashine, WAR ibebe programu peke yake.

Kuhusu tarehe: seva yako iko kwenye UTC, sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hivyo chochote kinachoandikwa tangu saa sita usiku mpaka saa tisa usiku kwake bado ni jana. Kompyuta ya ofisi ilikuwa na saa ya Kenya ndo maana hamkuliona. Fungua /etc/default/tomcat10, kwenye JAVA_OPTS ongeza

-Duser.timezone=Africa/Nairobi -Xmx384m

kisha uristati. Hiyo ya Xmx, kikomo cha kumbukumbu ya Java, nimeitia kwa sababu RAM ni 1GB na databesi iko humo humo. Java ikijitanua kupita kiasi keneli ya Linux yaiua, na ikiuawa hivyo haiachi neno kwenye logi ya Tomcat, wakuta tu imekatika ghafla. Ikikutokea tazama dmesg, logi ya keneli.

Halafu hakikisha na kodi kama tarehe yawekwa na Java au na databesi. Kama kuna NOW() ndani ya SQL basi ni saa ya databesi inayotumika na itabidi nayo uiambie.

bint_langoni

Tarehe zimekaa sawa, ni Java iliyokuwa yaweka. Bwawa limeshika pia. Nimechelewa kurudi kwa sababu kuna jengine: picha za kamba. Kodi yaziweka kwenye webapps/samaki/picha. Nilipoweka WAR mpya folda yote ya picha ikapotea. Nashukuru nakala ziko kwenye kompyuta ya ofisi. Sasa nimeelekeza /srv/samaki/picha, nimeipa chown ya tomcat, na bado yakataa, yasema mfumo wa mafaili ni wa kusoma tu. Ruhusa nimetazama mara nyingi, ziko sawa.

fundi_wa_manda

Hii ya Debian naijua vizuri, ruhusa zako ziko sawa kweli. Tomcat ya Debian yaendeshwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ndani ya uzio, yaruhusiwa kuandika sehemu chache tu kama webapps na folda ya logi, kwengine kote hata chown ifanywe vipi ni kusoma tu. Piga systemctl edit tomcat10 halafu uandike

[Service]
ReadWritePaths=/srv/samaki/picha

hifadhi, ristati. Usiuondoe uzio wote kama wengine wanavyoshauri mitandaoni, huo uzio wakulinda, mtu akipata tundu kwenye programu hawezi kuandika popote apendapo.

Na kuhusu picha kupotea, ni tabia ya Tomcat na iko kwenye maelezo yake: WAR ikibadilika yafuta folda iliyofunguliwa na kuifungua upya. WAR ikifutwa kutoka webapps yaondoka na folda, na hata na faili ya konteksti ya programu hiyo. Kwa hivyo chochote cha watumiaji kisikae mle kabisa. Picha zionekane kwa braoza tengeneza samaki#picha.xml pembeni ya ile ya kwanza, ndani yake <Context docBase="/srv/samaki/picha"/> tu, hiyo alama ya # yageuka mkwaju na anwani yawa /samaki/picha, ile ile ya zamani, rekodi za zamani hazivunjiki.

bint_langoni

MashaAllah, na anwani za zamani zimefanya kazi bila kugusa databesi. Nimeweka Nginx, seva ya wavuti, mbele ya Tomcat kwa ajili ya HTTPS sasa, na picha ndogo zapanda lakini za simu mpya zapigwa 413, yaani faili ni kubwa mno.

fundi_wa_manda

Nginx yenyewe hiyo, kwa kawaida yakubali MB 1 tu. client_max_body_size 10m; kwenye server yako. Tomcat iambie isikilize 127.0.0.1 peke yake, address="127.0.0.1" kwenye Connector ya server.xml, watu wasiifikie moja kwa moja kwa 8080. Na weka RemoteIpValve, Nginx ipeleke X-Forwarded-For na X-Forwarded-Proto na valvu uiambie protocolHeader="X-Forwarded-Proto", la sivyo Tomcat yadhani kila mtu amekuja kwa HTTP na kila mtu anatoka 127.0.0.1, mtu akiingia arudishwa kwenye anwani isiyo na s.

jahazi404

Na manager, ule ukurasa wa Tomcat wa kusimamia programu, waifunguaje kutoka nje? Mimi nataka kupandisha WAR kwa braoza ni rahisi zaidi

maalim_seva

Usiifungue. Manager kwa makusudi yakubali mtu aliye kwenye mashine yenyewe tu, na ni kwa sababu anayeishika aweza kuendesha kodi yoyote kwenye seva yako. Watu wanaiondoa ile valvu inayozuia wa nje, wanaweka paswadi nyepesi kwenye tomcat-users.xml na ndo mlango wa kwanza wanaojaribu wezi. Kama huitumii usiiweke kabisa, pamoja na folda ya examples na docs. AJP ya poti 8009, njia nyingine ya seva ya mbele kuzungumza na Tomcat, nayo iache imefungwa, mwaka 2020 kulitoka tundu la Ghostcat lililomwezesha mtu kusoma mafaili ya programu kupitia hapo, tangu wakati huo Tomcat huja imefungwa.

Tena kwa intaneti ya visiwani braoza si njia nzuri, WAR yenye laibrari nyingi ikikatika nusu waanza upya, na manager yenyewe haipokei zaidi ya MB 50. Tumia rsync, kifaa cha kunakili mafaili kwa mtandao, na --partial, mtandao ukikatika karibu na Mokowe yaendelea pale ilipoishia. Ipeleke kwanza kwenye jina la pembeni, kisha mv kwenye jina lake. Tomcat yachungulia kila sekunde kumi, ikikuta WAR iliyofika nusu yajaribu kuifungua na kushindwa, lakini mv ndani ya diski moja ni papo hapo.

malindi_kodi

Niongeze hapo, hoteli ninayoisaidia huku haitaki wageni watolewe nje tukibadilisha toleo. Kwenye webapps naweka hoteli##001.war halafu hoteli##002.war, aliyekuwa ndani abaki kwenye la zamani mpaka sesheni yake iishe, wapya waingia jipya. undeployOldVersions="true" kwenye Host yaondoa la zamani likishabaki tupu. Ila namba jaza sifuri mbele, Tomcat yazilinganisha kama maneno, ##9 kwake ni kubwa kuliko ##10.

bint_langoni

Kwetu wapimaji waingia asubuhi na kutoka, ntabadilisha adhuhuri wakati hakuna chombo. Swali la mwisho kwa leo: jana nimeweka WAR mpya na logi ikasema lisena (listener, kodi inayoanza pamoja na programu) moja au zaidi zimeshindwa kuanza, basi, haikusema ipi wala kwa nini. Nitazame wapi?

maalim_seva

Ujumbe huo huo wakwambia maelezo yako kwenye logi ya konteina, na watu wengi hawajui ni ipi. Ni faili inayoanza na localhost na tarehe ya siku, ndani ya /var/log/tomcat10, pembeni ya catalina. Ifungue, utakuta kosa kamili na mstari wa kodi. Sitashangaa ikiwa ni jdbc/samaki haikupatikana, tazama jina kwenye lookup na jina kwenye samaki.xml, herufi kwa herufi.

bint_langoni

Ni hilo. Kwenye kodi nimeandika jdbc/Samaki kwa S kubwa. Nimerekebisha, imeanza. Wapimaji watatu wa Shela wako ndani sasa hivi.